Diski haijafa, imefungwa tu

Chalii mmoja wa Sakina, hapa Arusha, mpiga picha za harusi, aliniletea laptopu yake Jumatatu asubuhi ikiwa imeviringishwa kwenye khanga kwa ajili ya mvua. Ijumaa alikuwa amepiga Ubuntu, mfumo wa kuendesha kompyuta wa jamii ya Linux, pembeni ya Windows. Jumamosi, D, sehemu ya diski yenye picha za sendofu 3 ambazo wenyewe hawajakabidhiwa ikagoma kufunguka. Fundi wa kwanza alishamwambia diski imekufa, atafute nyingine. Nikaiwasha, nikaingia Windows, nikashikilia Shift na kubofya kuzima, kisha nikarudi Ubuntu. D ikafunguka. Akanitazama kama aliyeoneshwa kiinimacho, halafu akauliza, "Sasa fundi, hapo unanichaji nini?"

Nilimchaji. Hapa chini najibu madai ya wenye Windows na Linux kwenye mashine moja.

"Linux imeharibu D yangu."

Haijaigusa. Tangu Windows 8 ya mwaka 2012, ukibofya kuzima, Windows haizimiki yote. Inahifadhi kiini chake kwenye faili ili kesho iwake haraka, na patisheni (vipande vya diski kama D) za NTFS, mfumo wa Windows wa kupanga faili, inaziacha kana kwamba bado inazitumia. Linux inaiona alama hiyo, inakataa kuandika humo, na wakati mwingine inakataa kufungua kabisa. Ni kama kukuta mlango wa jirani umekomewa kwa ndani: hujui anafanya nini, lakini yumo. Cha kushangaza, ukiamuru Windows ijiwashe upya badala ya kuzima, inajifunga vizuri, kwa hiyo hata hiyo inatosha kuifungua D. Anayetaka kuumaliza mchezo afungue dirisha la amri kama msimamizi, aandike powercfg /h off. Usiku huohuo tatizo limekwisha. Kompyuta itachelewa kuwaka sekunde kadhaa, chai haitapoa.

Kompyuta ya mezani iliyozimika umeme ulipokatika nayo inaweza kukataliwa na Linux hivyohivyo. Hapo rudi Windows, uiache ikague diski yake yenyewe. Kulazimisha kutoka upande wa Linux kunawezekana, ila mimi sikushauri.

"Windows imesema ifomatiwe, basi ni tupu."

Hili ndilo linaloniuma. Linux kwa kawaida hukaa kwenye mfumo wa faili uitwao ext4, na Windows haiujui. Patisheni hiyo ikipata herufi kama ile D, Windows inaleta dirisha linalokutaka ufomati kabla ya kutumia. Maana yake ni kwamba imeshindwa kusoma kilichomo, basi. Jibu ni kughairi.

Mama mmoja wa Ngarenaro anayeweka hesabu za kikoba alikuja na kijana wake ambaye hakughairi. Kijana alikuwa amezihamishia hesabu zote upande wa Linux "ili zisipate virusi". Bahati yao laptopu ilikuwa ya zamani, yenye diski ya kuzunguka. Kufomati kwa haraka huandika orodha mpya juu; vilivyokuwa chini hubaki hadi kitu kingine kiandikwe palepale. Ingekuwa SSD, diski isiyo na kitu kinachozunguka, ningewarudisha nyumbani siku ileile, kwa sababu Windows ikifomati SSD huiambia sehemu zile hazina kazi tena, na SSD hujisafisha yenyewe.

Niliitoa diski, nikaiunganisha kwenye mashine nyingine, nikairushia PhotoRec. Programu hii haijali orodha. Inatambua faili kwa sura ya mwanzo wake. Ubaya ni kwamba majina hayarudi. Mama alikaa kwenye kigoda changu mchana mzima tukifungua faili zenye majina ya tarakimu moja baada ya nyingine. "Hiyo siyo, mwanangu. Hiyo ni barua ya shule. Ngoja, hapo, hapo!" Kijana alikuwa mlangoni, anaangalia barabara.

"Patisheni haionekani kwenye orodha, data imefutika."

Mara nyingi kilichopotea ni orodha ya patisheni tu, yaani daftari la mwenye nyumba. Vyumba na wapangaji wapo. Diski ya GPT, mtindo mmoja wa kuorodhesha patisheni, huweka nakala ya daftari hilo mwishoni mwake, na NTFS nayo huweka nakala ya sekta yake ya mwanzo mwishoni mwa patisheni. TestDisk, programu ya bure ya Mfaransa Christophe Grenier, hupita diski nzima ikitafuta mianzo ya patisheni, inakuonesha majina ya faili, na haiandiki chochote mpaka uiamuru. Ukiyaona majina, nakili kwanza unavyovihitaji kwenye diski nyingine, ndipo uandike daftari jipya.

Kosa linaloua kazi hii ni kupakua programu ya kuokoa na kuihifadhi kwenye diski ileile unayotaka kuiokoa. Na kama diski inagonga au inasoma kwa kujikongoja, weka TestDisk pembeni. Toa nakala yake nzima kwa ddrescue, programu ya kunakili diski mbovu, ingali inapumua, halafu hangaika na nakala.

"Menyu haina Windows, imefutwa." Menyu ya kuchagua mfumo kompyuta inapowaka huletwa na programu ya GRUB, na kuanzia GRUB 2.06 ya mwaka 2021, kutafuta mifumo mingine kumezimwa kwa chaguo-msingi. Ukiwa Linux, kwenye faili la /etc/default/grub weka GRUB_DISABLE_OS_PROBER=false, endesha sudo update-grub. Itarudi.

"Inadai tarakimu 48, hiyo ni virusi." Hiyo ni BitLocker, kufuli la Windows la kuficha data ya diski, imeona namna ya kuwaka imebadilika. Laptopu nyingi mpya za Windows 11 hujifunga hivyo zenyewe mtu akiingia kwa akaunti ya Microsoft, na ufunguo hukaa kwenye akaunti hiyo. Bila ufunguo, hakuna fundi wa Arusha wala wa kokote atakayeifungua, hata akitaka pesa nusu kwanza.

Mwanafunzi mmoja aliapa hana akaunti yoyote. Tulipomhoji sana, akakumbuka laptopu ilianzishwa na dada yake, yuko Moshi. Tukampigia. Akaingia kwenye akaunti yake, akaanza kutusomea makundi 8 ya tarakimu 6, huku nyuma yake makondakta wakipiga kelele.

"Rudia la nne, dada. Ni 6 au 9?"