Ndege ya Jumamosi 00:40, teksi ya Ijumaa

Wengi wakiona tiketi imeandikwa Jumamosi, 00:40, humwambia dereva wa teksi aje Jumamosi usiku. Hapo ndege imeshaondoka tangu usiku uliotangulia. Tarehe ya tiketi hubadilika saa 6 kamili usiku, kwa hiyo 00:40 ni usiku wa kuamkia Jumamosi. Safari za nje hutaka ufike mapema, kama muda wa saa tatu kabla ya ndege kuondoka. Yaani, kwa Dar es Salaam, uwe Uwanja wa Ndege wa Julius Nyerere, Jengo la Tatu la Abiria, Ijumaa saa 3:40 usiku. Ukitokea Mbezi, na foleni ya Ijumaa (hiyo haina adabu), teksi iwe mlangoni saa 1:30 usiku. Mwandikie dereva siku, tarehe na “usiku”. “Saa 1:30” pekee yaweza kumleta asubuhi.