Hesabu ya marejeleo kwenye draiva za Linux: yanayoaminiwa na yalivyo

Hesabu ya marejeleo ni idadi ya wanaokishikilia kitu kwenye kumbukumbu. Katika kernel ya Linux hutunzwa na kref: kref_get() huongeza moja, kref_put() hupunguza moja, na ikifika 0 huita release, kazi inayoachia kumbukumbu kwa kfree().

Dhana: Ukishaita kref_get(), kitu hakifi tena.

Hufa, tena hapo hapo. kref_get() ni halali tu kama tayari unashikilia rejeleo, au kufuli linazuia la mwisho lisiachiwe. Chukua vichakataji viwili. A kinapekua orodha, kinapata kielekezi. Kabla hakijaongeza hesabu, B kinaita kref_put(): 1 inakuwa 0, kfree() inapita. A sasa kinaongeza moja kwenye kumbukumbu ambayo huenda imeshapewa mwenyewe mwingine.

Pekua na uchukue rejeleo ndani ya kufuli lile lile linalotumika kukitoa kitu orodhani. Kama kinatolewa ndani ya release yake, tumia kref_get_unless_zero(). Ikirudisha 0, chukulia hukukiona. Nayo haijitoshelezi: bado inataka kufuli, au RCU (njia ya kusoma bila kufuli) pamoja na kfree_rcu(), inayongoja wasomaji wamalize ndipo iachie, la sivyo unasoma hesabu iliyomo ndani ya kumbukumbu iliyokwisha achiwa.

Dhana: devm_kzalloc() inakuondolea kazi yote.

devm, yaani kazi za kernel zinazoachia rasilimali zenyewe, hufuata uhai wa draiva kwenye kifaa, si wa faili lililofunguliwa. Mtu anachomoa kifaa cha USB huku programu bado imefungua faili lake la /dev. remove() ya draiva inakwisha, kumbukumbu inaachiwa. Baadaye close() inakuja na kugusa kisichokuwepo. Tenga kwa kzalloc() ya kawaida, open() ichukue rejeleo, release ya faili (inayoitwa faili likifungwa) iliachie. Weka pia alama ya "kifaa kimeondoka" na uiangalie ukiwa na kufuli kabla ya kuzungumza na kifaa, maana kref huhifadhi kumbukumbu tu. Waya ukishachomolewa umechomolewa.

Dhana: device_register(), inayosajili kifaa kwenye kernel, ikishindwa, ita kfree().

Ita put_device(), inayoachia rejeleo la kifaa, hata iliposhindwa. Vinginevyo jina lililowekwa na dev_set_name() linavuja. Na release tupu, iliyoandikwa ili kernel iache kulalamika, ni kuzima king'ora moto ukiwaka.

Dhana: atomic_t, nambari ambayo vichakataji vingi huibadilisha bila kugongana, inatosha kuhesabia.

Katika CVE-2016-0728, udhaifu wa usalama wa kernel, rejeleo lilikuwa likivuja, na hesabu ya biti 32 ikaweza kuzungushwa mpaka ikarudi 0. refcount_t, aina maalumu ya kuhesabia marejeleo, iliyoingia Linux 4.11 mwaka 2017 na ambayo kref sasa imejengwa juu yake, hukwama badala ya kuzunguka.

Unapojaribu draiva, washa KASAN (kigunduzi cha makosa ya kumbukumbu) na CONFIG_DEBUG_KOBJECT_RELEASE. Hii ya pili huchelewesha release kwa sekunde chache, na draiva iliyodhani put_device() huachia kumbukumbu papo hapo hujionyesha yenyewe.