Uwiano wa kalsiamu na fosforasi katika chakula cha farasi ni nini?

Ni ulinganisho wa madini hayo mawili katika kila kitu anachokula farasi kwa siku: majani, pumba, nafaka, vyote kwa pamoja. Farasi mzima wa kilo 500 asiye na kazi nzito anahitaji takribani gramu 20 za kalsiamu na gramu 14 za fosforasi. Kalsiamu haitakiwi kuwa chini ya fosforasi; ikifika mara moja na nusu hadi mbili yake, hapo ni pazuri.

Farasi ni wachache Nyanda za Juu Kusini, lakini anayewafuga huku lazima aielewe dhana hii, kwa sababu pumba na majani ya setaria, vyakula vinavyopatikana kirahisi Mbeya na Iringa, vyote viwili vinauvuruga uwiano huo.

Kilo moja ya pumba za ngano ina gramu 1 hivi ya kalsiamu na gramu 10 au zaidi za fosforasi. Pumba za mahindi nazo karibu hazina kalsiamu. Fosforasi ikizidi kiasi hicho, kalsiamu haifyonzwi vizuri, na tezi ndogo za shingoni hutoa homoni inayoichota mifupani ili damu isipungukiwe. Mahali ilipotolewa hujaa nyuzinyuzi laini. Uso huvimba pande zote mbili, kati ya macho na pua. Meno hulegea, kutafuna kunakuwa shida, na farasi huchechemea leo mguu huu, kesho ule. Kinachonisikitisha ni kwamba mnyama huyu anaweza kuwa amenenepa na kung'aa, na hata damu ikipimwa, kalsiamu ikaonekana ya kawaida, maana mifupa inaendelea kuitoa.

Setaria ina mtego mwingine. Majani haya, na ya kikuyu pia, yana oksaleti, kemikali inayoikamata kalsiamu tumboni na kutoka nayo kwenye kinyesi. Ng'ombe ana vijidudu vya tumbo la kwanza vinavyoivunja oksaleti kabla haijaleta madhara makubwa. Farasi hana tumbo hilo. Uchachushaji wake, yaani kazi ya vijidudu kuvunja chakula, hufanyika nyuma, baada ya utumbo mwembamba ambako kalsiamu hufyonzwa. Miaka ya 1970 watafiti wa Queensland, Australia, walieleza ugonjwa huu wa mifupa kwa farasi waliokuwa wakichunga malisho ya aina hiyo. Kwa hiyo hesabu ya karatasini inaweza kusoma 2 kwa 1 na farasi bado akakosa kalsiamu. Jirani wa Rungwe anayekusifia setaria kwa ng'ombe wake wa maziwa anasema kweli, ila ni kweli ya ng'ombe.

Ukiwa na eneo la kupanda malisho ya farasi, chagua nyasi ya Rhodes, ambayo oksaleti yake ni kidogo, na uongeze lusini (alfalfa), yenye kalsiamu nyingi. Pumba zipunguze. Pengo linalobaki huzibwa kwa chokaa ya mifugo iliyosagwa laini, kwa kipimo cha daktari wa mifugo. Chokaa ya kupaka ukutani usimpe kamwe, inaunguza.