Je, mabingwa wa kuogelea kisanii husimama kwenye sakafu ya bwawa?

Kuanzia Sydney 2000 hadi Tokyo, ambako walishindana bila bendera yao, waogeleaji wa Urusi walitwaa kila dhahabu ya Olimpiki ya kuogelea kisanii, yaani kuonyesha miondoko majini kwa kufuata muziki, ya wawili wawili na ya timu. Watazamaji wengi huamini kwamba mabingwa hao, wakitulia juu ya maji huku mikono ikiwa hewani, huwa wamekanyaga chini. Si ajabu kudhani hivyo: mabega yao hayatikisiki.

Lakini kanuni zinakataza kujisukuma kwa kutumia sakafu, na anayefanya hivyo hukatwa alama. Tena bwawa lenyewe lina kina cha karibu mita 3. Kinachowabeba ni miguu: magoti hukunjwa na kupanuliwa, kila mguu ukichora duara upande wake, kwa zamu, bila kupumzika. Wakigeuka kichwa chini, kazi hiyo huhamia kwenye viganja, vikikata maji huku na huko.

Unaweza kuhakikisha mwenyewe. Tafuta video iliyopigwa chini ya maji, utazame nafasi iliyopo kati ya nyayo na vigae. Au, kama unajua kuogelea na mwokoaji yupo karibu, jaribu kukaa wima kwenye kina kirefu ukiwa umeinua mikono yote miwili. Mapaja yatakujibu upesi.