Kuwasha jiko bila mafuta ya taa: yanayosemwa na ukweli wake

"Bila mafuta ya taa mkaa haushiki." Hii ndiyo inayokula hela za watu. Tangu 2011, serikali ya Tanzania ilipopandisha kodi ya mafuta ya taa ili kuzuia uchakachuaji wa dizeli, si mafuta ya kumwaga ovyo tena. Na mkaa wenyewe hautaki mwali mkubwa. Unataka mwali mdogo unaokaa dakika nane, kumi, pale chini, mpaka vipande vya kwanza viwe vyekundu. Ukimwagia mafuta juu, mwali unapanda, unashuka, na wewe unaongeza tena. Hapo kwenye kuongeza ndipo watu wanapoungua: mkaa wa chini umeshashika, mafuta yanageuka mvuke, chupa iko mkononi. Petroli usiifikirie kabisa, maana mvuke wake hudaka moto hata kwenye baridi ya barafu.

"Basi kipande cha mshumaa kinatosha." Hakitoshi. Donge la nta ukilipiga kiberiti litayeyuka tu na kudondokea kwenye majivu. Nta huwaka vizuri ikinyonywa na kitu chenye nyuzi, kazi ile ya utambi. Ndiyo maana kiwashio cha nyumbani kina vitu viwili: mafuta au nta, na kitu kikavu cha kuinyonya.

Kinachotengenezwa kirahisi ni cha trei ya mayai, ile ya karatasi, si ya plastiki. Chukua maranda makavu kwa fundi seremala, mara nyingi hutoa bure, ujaze vile vishimo bila kushindilia. Kusanya masalia ya mishumaa kwenye kopo, kopo uliweke ndani ya sufuria ya maji ya moto. Usilibandike motoni moja kwa moja. Nta ikipata joto kupita kiasi inawaka, na ikiwaka dawa yake ni kuifunika, kamwe si maji. Mimina mpaka maranda yalowe, acha igande, kisha kata kishimo kimoja kimoja. Kimoja chini ya vijiti vyembamba, mkaa juu yake, kijidirisha cha jiko kikielekea upepo. Kama mishumaa haipo, mafuta yaliyokaangia chipsi yanafaa: sokota gazeti, lichovye, lichuruze. Litanuka kidogo mwanzoni, vumilia.

"Mbao yoyote ni kuni." Maranda ya mbao iliyopakwa rangi, ya MDF (ubao wa nyuzi za mbao zilizogandishwa kwa gundi), au ya mbao iliyotiwa dawa ya mchwa yasiingie jikoni. Baadhi ya dawa hizo, hasa zinazoiacha mbao na rangi ya kijani, zina aseniki, ambayo ni sumu, na haiishi kwa kuungua: nyingine inabaki kwenye majivu, nyingine inapanda na moshi. Muulize fundi alikuwa anaranda nini.

"Nailoni ni kiwashio cha bure." Kenya ilipiga marufuku mifuko ya plastiki Agosti 2017, Tanzania Juni 2019, lakini vifungashio vimebaki tele na bado vinaishia jikoni. Nailoni huyeyuka na kuganda kwenye matundu ya jiko, hewa ikakosa njia, na moshi wake ndio unaouvuta wewe uliyeinama kupuliza. Vipande vya tairi na kandambili, hivyo hivyo.

Wakati huohuo vitu vizuri vinatupwa. Maganda ya machungwa yaliyokauka vizuri juani yana mafuta yake ya asili na huwaka kwa kutatarika. Muheza msimu wa machungwa yamejaa kila kona. Pwani kuna makumbi ya nazi, bara kuna magunzi, tena gunzi lililochovywa nta hukaa na moto kuliko karatasi.

"Kuni mbichi zinataka kiwashio kikubwa tu." Moto utatumika kwanza kukausha maji yaliyomo ndani ya kuni, na utakachopata ni moshi. Pasua kuni ndogo ndogo, zianikwe.

"Mkaa ukiacha kutoa moshi, jiko liingie ndani." Njombe na Makete, baridi ya Juni na Julai, hii inaua. Mkaa mwekundu usio na moshi bado unatoa kabonimonoksidi, hewa isiyo na rangi wala harufu. Hata kama jiko limewashwa kwa kiwashio safi namna gani, litolewe nje kabla watu hawajalala.