Piña colada: maswali na majibu kuhusu kilichomo glasini

Kwanza, imetengenezwa na nini?

Ramu, juisi ya nanasi, krimu ya nazi na barafu, vyote vikasagwa kwenye blenda hadi kuwa laini. Asili yake ni Puerto Rico, ambako mwaka 1978 ilitangazwa kuwa kinywaji rasmi cha kisiwa hicho. Wengi wanaoionja hudhani utamu wote ule ni wa nanasi. Sehemu kubwa inatoka kwenye kopo la krimu.

Krimu inayotumika hapa si tui zito la kupikia. Fungua kopo lake uone: juu kumetanda mafuta meupe yaliyoganda, chini kuna kitu kizito kama shira, na kijiko ukikizamisha kinatoka kimenata. Takribani nusu ya uzito wake ni sukari. Vijiko viwili vya chakula vina gramu 19 hivi za sukari, na hapo juisi bado haijamiminwa.

Glasi moja ina kalori ngapi?

Glasi ndogo ya mililita 130 hivi ina takriban kilokalori 245. Ndani yake kuna gramu 32 za sukari, yaani vijiko vinane vya chai, na gramu 14 za pombe halisi. Mafuta hayafiki gramu 3, na protini haifiki hata gramu moja. Ukipiga hesabu, nusu ya kalori hizo ni sukari na karibu asilimia 40 ni pombe. Kinachobaki ndicho cha nazi.

Shirika la Afya Duniani linashauri mtu mzima anayekula kilokalori 2,000 kwa siku asivuke gramu 50 za sukari huru, na ni bora zaidi akibaki chini ya gramu 25. Sukari huru ni ile inayoongezwa kwenye vyakula na vinywaji, pamoja na ya asali na ya juisi za matunda. Kwa hiyo hata juisi ya nanasi isiyotiwa kitu inahesabiwa humo.

Mbona niletewayo mimi ni glasi kubwa kuliko hiyo?

Ndiyo shida yenyewe. Takwimu za lishe hupimwa kwa glasi ndogo, lakini kokteli hii huuzwa kwa glasi ndefu, wakati mwingine mara mbili au mara mbili na nusu ya kipimo hicho. Kama ujazo huo haukutokana na barafu tu, unaweza kunywa zaidi ya kilokalori 600 kwa kikao kimoja. Huo ni mlo kamili, na bado chakula hujaagiza. Baridi nayo inachangia: kinywaji cha baridi kali ulimi hauusikii utamu wake sawasawa, wala ukali wa ramu.

Lakini nanasi si lina vitamini C?

Nanasi bivu lisilopikwa lina vitamini C nyingi, karibu miligramu 48 kwa kila gramu 100, na mtu mzima huhitaji takribani miligramu 45 kwa siku. Juisi ya kopo ni habari nyingine: mara nyingi hubaki na kama miligramu 10, isipokuwa imeongezewa kiwandani. Nyuzinyuzi nazo huishia kwenye chujio.

Kuna pia madai kwamba kimeng'enya cha nanasi kiitwacho bromelaini huyeyusha mafuta ya tumboni. Hakiyeyushi. Kazi yake ni kuvunjavunja protini, na joto la kiwandani hukiharibu kabla kopo halijafungwa. Tena pombe ikiwa mwilini, ini huanza kuichoma hiyo, na uchomaji wa mafuta unasubiri.

Ile isiyo na kilevi ina nafuu?

Kwa upande wa pombe, ndiyo, na nafuu hiyo si ndogo. Pombe imo kwenye orodha ya vitu vinavyothibitika kusababisha saratani, na mjamzito hapaswi kuigusa kabisa. (Akiagiza isiyo na kilevi, aombe jagi la blenda lisuuzwe kwanza.) Kwa upande wa sukari, hakuna kilichopungua. Anayetengeneza akijazia juisi mahali pa ramu, sukari inapanda.

Nina kisukari. Naweza kunywa kidogo?

Zungumza na anayekutibu kabla ya kujaribu, hasa kama unatumia insulini au vidonge kama glibenklamidi. Kokteli hii hukuyumbisha pande mbili. Kwanza sukari ya damu inapanda haraka. Baadaye, ini likiwa linahangaika na pombe, haliachii sukari yake ya akiba kama kawaida, na dawa inaendelea kushusha. Kushuka huko kunaweza kuja saa kadhaa baadaye, usiku umelala.

Hatari kubwa ni kwamba dalili zake hufanana na ulevi: jasho, kutetemeka, maneno kukanganyika, usingizi mzito. Walio karibu husema "mwacheni alale, amelewa". Mwenye kisukari akiwa katika hali hiyo apimwe sukari mara moja. Akiwa bado anaweza kumeza, apewe kitu chenye sukari. Akiwa hana fahamu, asinyweshwe chochote, apelekwe hospitali.

Nikitengeneza mwenyewe, nibadilishe nini?

Anza kwa kuliacha lile kopo la krimu, maana ndilo lenye mzigo. Weka gramu 150 za nanasi bivu lililokatwa, mililita 60 za tui la nazi lisilotiwa sukari, na barafu. Usichuje. Utapata kilokalori zisizofika 200, kama gramu 15 za sukari ya tunda lenyewe, gramu 2 za nyuzinyuzi, na vitamini C ya kutosha siku nzima.

Usidanganyike kwamba sasa hakina mafuta. Tui hilo linaleta gramu 12 au 13, nyingi kuliko zilizomo katika kokteli ya kawaida, na karibu yote ni ya aina inayopandisha kolesteroli. Mwenye kolesteroli ya juu apunguze tui hadi nusu na aongeze maji baridi.

Ukitaka ramu, pima. Mililita 45 zinaongeza karibu kilokalori 100. Ukimimina kwa makadirio, kipimo huzidi.