Mshtuko wa mche: kwa nini mahindi matamu hugoma baada ya kuhamishiwa shambani

Mshtuko wa mche ni kule kusimama kwa ukuaji kunakotokea mche unapotolewa kitaluni na kupandwa shambani. Si ugonjwa, wala hauna dawa ya kupuliza. Vimizizi vyembamba vinavyonywa maji hukatika wakati wa kuhamisha, huku majani yakibaki yale yale, tena sasa yako kwenye jua kali na upepo. Matumizi ya maji yanazidi mapato, basi mche unanyauka.

Mahindi huumia kuliko nyanya. Nyanya ukiifukia shina huota mizizi mipya palepale. Mche wa hindi ulio na majani mawili matatu bado unategemea mizizi iliyotoka kwenye punje, na ile ya kudumu inayozunguka shina ndiyo kwanza inaanza. Mahindi matamu yana udhaifu zaidi. Angalia mbegu yake: imekunjamana, kwa sababu sukari nyingi haikugeuka wanga kama kwenye mahindi ya ugali. Akiba ya mche ni ndogo tangu mwanzo.

Ukikuta miche imechakaa, usitazame majani ya chini kwanza. Tazama jani changa lililojikunja katikati. Kitovu cha ukuaji cha hindi hukaa chini ya udongo mpaka mche ufikishe majani matano au sita hivi, kwa hiyo majani ya nje yanaweza kuungua yote na mche ukapona. Jani la kati likiwa kijani na linarefuka, mwagilia kwa kiasi na uache. Likivutwa kidogo likachomoka, limeoza chini, mche huo umekwisha.

Rangi nayo inasema. Mabaka meupe kama karatasi ni jua: mche haukuzoeshwa. Zambarau ni upungufu wa fosforasi, ila sehemu za baridi kama Njombe au Limuru mara nyingi fosforasi imo udongoni, mizizi iliyopoa ndiyo inashindwa kuichukua, na joto likirudi rangi hupotea. (Baadhi ya aina zina uzambarau wa asili.) Njano inayoanzia ncha ya jani la chini na kushuka katikati ya jani ni njaa ya naitrojeni. Mche mzima ukiwa njano na udongo unanuka, maji yametuama.

Mche unaoukuta asubuhi umekatwa usawa wa ardhi ni kazi ya sota, kiwavi anayejificha udongoni. Fukua hapo hapo, utamkuta amejikunja. Matundu kwenye majani na kinyesi kama unga wa mbao ndani ya majani ya kati yaliyojikunja ni viwavijeshi vamizi.

Kosa linaloniuma ni kuona mche umenyauka na kukimbilia urea. Chumvi ya mbolea ikigusa mizizi iliyojeruhiwa huvuta maji kutoka kwenye mizizi, na kingo za majani zinakauka kahawia. Subiri jani jipya lifunguke, kisha weka mbolea kidogo, umbali wa kama sentimita 5 kutoka shinani, na umwagilie.

Ukiwa bado huelewi, ng'oa mche mmoja taratibu. Nimewahi kung'oa uliogoma siku kumi, nikakuta mizizi imejizungusha vilevile kama tundu la trei, hakuna hata mmoja uliotoka nje. Ulikaa kwenye trei muda mrefu mno. Hamisha ukiwa na majani mawili au matatu, jioni, na bonge lake la udongo zima, baada ya kuuzoesha jua kidogo kidogo kwa wiki moja.

Mashimo yaliyobaki wazi, ziba kwa miche ya umri uleule mapema, ndani ya wiki ya kwanza. Ukichelewa, mimea hiyo itatoa nywele wakati mbelewele (maua ya kiume ya kileleni) za wenzake zimeshamaliza kumwaga chavua, na utavuna mabunzi yenye mapengo.